Nyumba Iliyowapa Ng'ombe Mgongo

Kwako Nekesa,

Sitakuuliza kama u mzima, maana nakuona hapa dirishani. Jirani yetu Mama Achieng' amekukalisha kwa kigoda anakusuka, na vile umekunja uso najua anavuta kama mtu anayekaza seng'enge. Vumilia. Anakusuka bure, na mtu akikusuka bure humwambii apunguze nguvu.

Mambo ya blanketi, neti, na nani atakupokea stendi ya Loitokitok nimemwachia baba yako. Ameandika orodha tangu Jumatano na bado anaongeza. Jana ameongeza sindano na uzi. Mimi niko na jambo moja tu, na nimeamua kuliandika kwa sababu unaujua mdomo wangu. Naweza kuanza na samahani nikamaliza na kukugombeza.

Jambo lenyewe ni vile vipande vya ukuta ulivyovikataa.

Tangu siku ile mimi na wewe tunaongea habari za chumvi na majani chai. "Mama, sukari imeisha." "Haya, tuma mtoto dukani." Kesho asubuhi unaenda kusimamia mjengo wa bweni la wasichana, kazi yako ya kwanza, na naona unatembea ndani ya nyumba hii kama mgeni aliyevunja kikombe. Unadhani nimekasirika na nitaendelea kukasirika. Sitaki upande gari na wazo hilo kichwani. Lakini nikikuambia tu sijakasirika hutaamini, na ningekuwa wewe nisingeamini pia. Kwa hivyo soma mpaka mwisho, hata ukiona nimeanzia mbali.

Tulikuja Kitengela ukiwa mgongoni. Baba yako alikuwa amepata kazi ya ukarani kwa kiwanda kule Athi River, nami nikamfuata kutoka Webuye na sufuria mbili na mtoto mmoja mwenye kelele. Hapa kulikuwa na maduka machache kando ya barabara, na upepo. Nyumbu walikuwa wanapita nyuma ya choo chetu. Halafu watu wakaanza kununua ploti. Kila anayenunua anataka kuzungusha seng'enge, na nguzo za mbao zinaliwa na mchwa kabla mwenye ploti hajamaliza kujigamba. Nikamwambia baba yako Krismasi hiyo asininunulie kitenge, aniletee mfuko wa simiti. Nikagonga mbao nikapata kalibu, nikachanganya kokoto na mchanga, nikamwaga nguzo yangu ya kwanza nyuma ya jiko. Ilitoka imepinda kama ndizi. Baba yako alicheka mpaka akakaa chini. Ya pili haikupinda.

Kutoka kwa nguzo nikaingia kwa linta, ile boriti ya simiti inayolala juu ya dirisha. Hii sehemu unaijua lakini nitaisema tena, kwa sababu napenda kuisema. Jirani alikuwa anajenga nyumba ya mawe. Mafundi walipandisha ukuta haraka, lakini walipofika juu ya madirisha kazi ikalala. Waunde sanduku la mbao kule juu, wapange vyuma, wamwage simiti, waweke vijiti vya kushikilia, halafu wangoje. Siku zinapita, mafundi wamekaa kivulini wanakunywa chai, mwenye nyumba analalamika. Nikamuuliza fundi wao, Mutiso, "Kwani hiyo linta haiwezi kumwagwa hapa chini siku ile mnaanza msingi? Mkifika juu mnaikuta imekauka inawangoja." Akaniangalia. Akaniambia, "Mama, jikoni ni upande ule."

Baadaye alikuja mwenyewe kuniuliza kama naweza kumtengenezea za madirisha matatu. Miaka imepita, Mutiso ameshakuwa foremani wetu, ndipo akaniambia kwa nini alinijibu vibaya. "Sisi tulikuwa tunalipwa kwa siku," alisema. "Wewe ulikuja kutukulia siku zetu." Alikuwa na haki. Mimi niliona ukuta unaongoja, sikuona chakula cha jioni cha wale waliokuwa wanangoja nao. Nilipopata yadi ya kumwagia simiti yeye ndiye mtu wa kwanza niliyemwandika kazi, na tangu aniambie hayo namlipa hata siku ya mvua.

Kutoka kwa linta nikaingia kwa vipande vya kuta nzima, na kazi yetu yote ni hiyo, na wewe umeisomea na sasa unaijua kwa maneno makubwa kuliko yangu. Mambo mawili yaende pamoja. Kule wanachimba msingi, huku ukuta unakauka. Mvua ikinyesha kule, huku kalibu ziko chini ya mabati. Siku ya kujenga ikifika, hujengi, unapanga. Watu walisema ni nyumba za maboksi. Waseme. Wengi wao sasa wanalala ndani yake.

Sasa nije Mashuuru, kule Umaasaini. Ile hadithi unayoijua ni ile ninayowapa wateja, kwamba mwenye nyumba alibadilisha nia na mimi nikaigeuza nyumba yake vile mtu anageuza chapati. Wewe ulikuwa kwa nyanya yako Webuye, shuleni, hukuona. Haikuwa hivyo.

Ilikuwa nyumba yangu ya kwanza nzima, kuta zote kutoka yadini. Mwenyewe alikuwa anaitwa Parsaloi. Alikuwa ameuza kipande cha ardhi hapa Kitengela, akataka nyumba ya kisasa kwake Mashuuru kabla ya mvua. Alikuja yadini na kofia yake nzuri, akakaa, akanywa chai na mimi na Mutiso. Unajua vile wanaume walikuwa wakiingia hapa siku hizo. Kwanza wananiuliza, "Mwenye kazi ako wapi?" Parsaloi hakuuliza hivyo. Aliniuliza bei ya ukuta na unene wa ukuta, mimi mwenyewe, uso kwa uso. Akasema, "Nataka mlango uangalie barabara. Mtu akipita na gari aone." Nikachora mlango uangalie barabara. Nilifurahi sana kuulizwa hata nikasahau kuuliza.

Siku tulipopeleka kuta, njia ilikuwa vumbi tupu. Sakafu tulikuwa tumeimwaga mapema. Tulifika, soko lote likaja kutazama, na chifu pia, na wazee na fimbo zao. Tukaanza kusimamisha. Ile winchi yetu ya miguu mitatu inainua, vijana wanaongoza kwa kamba, Mutiso anakaza bolti. Hapo akaja mke wa Parsaloi kutoka mtoni na punda wake wamebeba maji. Jina lake ni Mama Nasieku. Nikamsalimia kwa kile Kimaa kidogo nilicho nacho, "Takwenya." Akaitika, "Iko." Akasimama akiangalia muda mrefu bila kushusha mitungi. Halafu akaja karibu, akanishika mkono, hapa karibu na saa, akaongea. Aliongea sana, pole pole, akionyesha boma la ng'ombe, akionyesha nyumba, akionyesha tena boma.

Sikuelewa neno. Nikamwuliza bwana yake, "Mama anasema nini?"

"Anasema kazi ni nzuri," Parsaloi alisema. "Endeleeni."

Nekesa, mtu akikusifu hakushiki mkono hivyo. Mutiso aliniangalia, mimi nikaangalia pembeni. Nilijua kuna kitu. Sikujua ni nini, lakini nilijua. Na kuta mbili tu ndizo zilikuwa zimesimama. Ningesema ngojeni, ningemtafuta mtoto wa shule anitafsirie, tungemaliza pale. Lakini soko lote lilikuwa linanitazama. Nilikuwa nimeenda Mashuuru kuonekana. Nikasema, "Haya, leteni ingine."

Kabla ya jua kuzama nyumba ilikuwa imesimama, imebaki mabati tu, ambayo yangekuja siku ya pili. Watu walipiga makofi. Chifu alinipa mkono. Parsaloi alizunguka nyumba yake na mikono nyuma kama mkaguzi wa shule. Na Mama Nasieku akafungua punda wake, akaingia kwa nyumba yake ya zamani ya udongo, akalala huko.

Asubuhi tulipoamka alikuwa bado hajakanyaga ile mpya. Binti yake mkubwa, Nasieku mwenyewe, alikuwa amefika usiku kutoka shuleni, akaniambia kwa Kiswahili safi kuliko changu, "Mama anasema hii nyumba imewapa ng'ombe mgongo."

Akanieleza. Kwao nyumba ni kazi ya mwanamke. Yeye ndiye anaikata miti, anaipanga, anaipaka udongo na samadi, na yeye ndiye anajua mlango ukae wapi. Mlango unaangalia ndani, kwa ng'ombe, ndama akilia usiku asikie, fisi akija ajue. Sasa tumemletea nyumba ya kuangalia magari ya watu asiowajua. Halafu yule msichana akasikiliza mama yake, akasema, "Anauliza, wewe ni mwanamke. Mbona hukumuuliza yeye?"

 Mimi, niliyekuwa nachukia kila mwanaume anayeingia yadini na kuuliza mwenye kazi ako wapi, nilienda kwa mwanamke ambaye amejenga nyumba tangu akiwa msichana, nikamwuliza bwana yake.

Parsaloi alikasirika na mkewe. Alisema atazoea. Kazi ilikuwa imebaki mabati tu na hakuna mtu angetufuata. Mutiso akaja kando yangu akasema kwa sauti ya chini, "Sakafu ni sawa pande zote. Ukuta wa mbele na wa nyuma ni urefu mmoja." Yaani wa mbele ungeweza kwenda nyuma. Nikawaona watu wa soko wanaanza kurudi, kwa sababu habari kule haikai. Nikaona aibu inakuja kama mvua ya Ngong, unaiona kutoka mbali na huna pa kukimbilia. Nikamwambia Mutiso, "Legeza bolti."

Kushusha kitu bila kukivunja ni kazi kubwa kuliko kukiinua, hiyo utakuja kujua. Ilituchukua zaidi ya vile tulivyojenga. Watu walicheka, tena kwa sauti. Parsaloi alienda zake Kajiado asione. Lakini Mama Nasieku hakuondoka. Alishika kamba na vijana, akatuonyesha dirisha likae wapi ili moshi usirudi ndani, akamkemea Mutiso kwa Kimaa na Mutiso akatii kwa Kikamba. Mlango ulipogeuka ukaangalia boma, akaingia, akatoka, akakaa pale kizingitini akaangalia ng'ombe wake. Akaniletea maziwa kwa kibuyu, akaniketisha kando yake. Sijawahi kunywa maziwa nikaona nimeyastahili nusu na nusu namna hiyo.

Na wale waliokuja kucheka ndio walitutangaza. Walisema nyumba ya mawe ukikosea mlango, utazeeka na mlango wako mbaya. Hii ya yule mama wa Kitengela, ukikosea, inafunguliwa inapangwa tena. Tangu siku hiyo kazi haikukauka. Shule yako, diploma yako, hii nyumba ninayokuandikia ndani yake, nyingi yake ilitoka kwa aibu ya Mashuuru. Lakini katika kusimulia, mwaka kwa mwaka, nikautoa ule mkono ulionishika. Nikabakisha tu ile sehemu ninayopendeza.

Ndivyo mtu anakuwa mkubwa, mama. Watu wanakuitikia ndiyo, ndiyo, mpaka unasahau sauti ya hapana.

Sasa vile vipande vya bweni lako, ambalo kontrakta alinipa mimi kuta zake. Nitakuambia vile ilivyokuwa ingawa nadhani ulishajua. Ni ile wiki boza la maji halikuja. Simiti inayokauka inataka maji kama mtoto mchanga, na jua hili letu na upepo huu havina huruma. Nilikuwa na mapipa machache, nikapima, ya wapangaji wetu, ya jikoni, ya ng'ombe, nikaona ukuta hauwezi kulia kiu, nikaunyima. Halafu nikataka kalibu ziwe huru kwa kazi nyingine. Mutiso aliniambia bado. Nikamwambia atoe. Haraka haraka, nilikuwa nakuimbia hiyo methali ukikimbia na uji, na mimi hapa na mvi zangu.

Ukaja na watu wa kontrakta kuangalia mzigo kabla haujapakiwa. Lori limefungua nyuma, vijana wote wamesimama. Ukatoa kanyundo kako, ukagonga, ukainamisha sikio. Ukapiga magoti ukaangalia pale ndoano za kuinulia zinapoingia, ukaona zile nyufa nyembamba kama unywele. Ukasimama ukajipangusa magoti. Ukasema, "Hivi hapa haviendi."

Nikakuambia, "Nekesa, unajua unaongea na nani?"

Ukasema, si kwa ukali, "Najua, mama. Ndiyo maana nimevigonga mara mbili."

Nikaingia nyumbani nikabamiza mlango, na mpaka leo kila mtu pale yadini anadhani ni hasira. Ilikuwa hasira, nisikudanganye. Nilikaa kitandani nikakutukana kwa Kibukusu mpaka maneno yakaisha. Halafu lile jibu lako likanirudia, nikajikuta nacheka peke yangu. Halafu nikalia kidogo. Halafu nikakasirika tena kwa sababu ya kulia. Baba yako aliingia akaniuliza kama nina malaria.

Mama Nasieku alinishika mkono kwa upole, nikajifanya sielewi. Mutiso aliniambia kwa sauti ya chini, nikamshinda kwa sauti ya juu. Wewe ulisema mbele ya watu, umesimama katikati ya yadi iliyokulisha, ukimwambia mtu aliyekubeba mgongoni. Ulifanya kwa ajili ya wasichana ambao hata hawajui jina lako, ili walale na ukuta usiwaangukie. Mimi kwa umri wako nisingeweza. Kwa umri huu nilishindwa. Ninajivunia wewe mpaka naona aibu kutoka nje, watu wasinione uso.

Ningekuambia siku ile ile. Lakini nilijenga ukimya, na ukimya ukishakauka nao unataka watu sita kuuinua.

Huko Loitokitok utawakuta wanaume wa mjengo wakubwa kuliko baba yako. Wengine watakuita kasichana. Wengine watakuwa Mutiso, wanajua na wanaogopa siku zao kuliwa, na hao uwatafutie kazi kabla hujawatafutia makosa. Na usiulize mwalimu mkuu peke yake. Kaa na mama mpishi, kaa na matroni, kaa na wale wasichana wenyewe. Waulize mlango wanautaka wapi. Mtu akikushika mkono wakati wewe uko na haraka na watu wanakutazama, simamisha winchi.

Kuhusu vile vipande vibovu, juzi Ijumaa alikuja mtu wa Tuala anajenga vyumba vya kupangisha. Aliviona pale kando akavitaka vyote. Alisema hajali nyufa, atapiga plasta juu. Nilianza kuhesabu pesa kichwani, hiyo nakuambia ukweli. Halafu nikamwambia Mutiso alete nyundo kubwa. Tulivivunja, tukajaza pale langoni ambapo malori yanazama kwa udongo mweusi. Yule mtu alituangalia kama wendawazimu.

Vipya vimemwagwa. Nimevifunika magunia na navinyeshea mwenyewe asubuhi na jioni. Hizi siku zote uliniona natoka na mtungi nikisikia tu umeingia sebuleni, ukadhani nakukwepa. Nilikuwa nakukwepa, ndiyo. Lakini pia nilikuwa natia kuta zako maji.

Vitakuja baada yako, vikishakomaa. Siku lori litakapofika, usivipokee kwa sababu vimetoka kwa mama. Gonga kimoja kimoja, mara mbili vilevile. Ukikuta kibaya, usipige simu kuniuliza, usinifunike. Kipakie kwa lori lile lile kirudi Kitengela mchana, watu wakiwa kazini. Dereva akifika nitamwuliza mbele ya yadi nzima ni nani amekataa mzigo wangu, na nataka alitaje jina lako kwa sauti, halafu mimi niwaambie wote wanaosikia huyo ni mtoto wa nani.

Mama Achieng' amemaliza. Amekusuka vizuri. Njoo ndani tunywe chai.

Mimi, ambaye hapa wananiita kwa jina lako,

Mama Nekesa